Mitaa ya Hamburg kwa sisi tuliokuja peke yetu: nilipokosea na nilipopatia

Nilikuja Hamburg, Ujerumani, 2021 kusomea uuguzi, nikapewa chumba Harburg, kusini ya mto Elbe, jiko la kushea na wasichana wawili. Mwaka ule mambo yalikuwa yanafungwa na kufunguliwa kwa ajili ya korona, uliofuata vikafunguka vyote, na mi kila Ijumaa nikitoka shifti ya jioni saa 3 usiku napanda treni ya S-Bahn kwenda mjini kwa sababu niliambiwa watu wako huko. Huko wapi? Reeperbahn, St. Pauli. Ukimuuliza mtu yeyote kuhusu kutoka out Hamburg anakutajia Reeperbahn, wenyeji wanapaita Kiez, na mi nikaamini kabisa kwamba anaetaka marafiki au mpenzi ndo anaanzia hapo. Nilipoteza karibu mwaka mzima. Naandika haya kwa sababu kila baada ya miezi michache kuna binti au kaka anakuja toka nyumbani, wengine au pair, yaani kulea watoto kwenye familia za huku, wengine kusoma, wengine kazi za kompyuta, wananitafuta na swali ni lile lile, dada huku watu wanakutana wapi?

Nianze na hiyo Reeperbahn niimalize. Mziki upo, raha ipo, na usiku wa Ijumaa na Jumamosi treni zinatembea mpaka asubuhi kwaiyo usafiri wa kurudi sio shida. Ila wengi unaowakuta pale wikendi ni watalii na makundi ya wanaume waliokuja kumuaga mwenzao anaeoa, kesho wanarudi kwao. Na kuna jambo lazima niliseme wazi kwa dada zangu weusi, kwa sababu hakuna aliyeniambia: mle ndani kuna mitaa ya biashara ya ngono, na mi nimesimamishwa mara tatu na wanaume walevi wakiniuliza bei. Mara ya tatu nilikuwa nimevaa koti zito la baridi na begi la kazini begani, natembea tu kwenda kituoni. Nililia kwenye treni mpaka Harburg. Ukitaka kwenda nenda na wenzako, mcheze mziki, mrudi pamoja, ila usiende pale ukiwa na upweke moyoni ukidhani utauacha huko.

Aliyenitoa kwenye njia ile ni dada mmoja wa Tanga, yuko Wilhelmsburg toka 1998, kisiwani katikati ya Elbe, mtaa wenye wageni wengi kuliko mitaa mingi ya huku. Nilienda kwake kusukwa nywele, nikampa shikamoo, nikakaa chini kwenye mto wa kukalia, na kwenye zile saa tano za kusukwa nikamwaga yote. Akaniuliza swali moja tu. "Mdogo wangu, huko unakoenda, ukiumwa wiki moja usitokee, kuna mtu ataulizia?" Nikanyamaza. Akaendelea kusuka. Hajasema kingine mpaka kichwa kikaisha.

Toka siku ile kila mtaa wa Hamburg naupima kwa swali hilo. Nitakuwa naonekana hapa? Nisipoonekana ntaulizwa? Wajerumani wa kaskazini kwa kweli sio watu wa kukuzoea siku moja, salamu yao ni Moin, asubuhi Moin, usiku Moin, imeisha hiyo, na wengi marafiki zao ni wale wa toka shule. Sio kwamba wanakuchukia. Mtu lazima akuone, akuone tena, akuone mara ya sita ndo anakuuliza jina. Sasa ukienda baa tofauti kila wiki unakuwa unaanza moja kila wiki.

Schanze ndo mtaa wa pili nilioujua. Jina kamili Sternschanze, barabara yenyewe maarufu inaitwa Schulterblatt, na kipindi cha joto vijana wanasimama njiani wamejaa, kila mtu ana chupa ya bia aliyonunua kioski, wenyewe wana neno lao kabisa kwa hiyo kusimama kona, cornern. Ni rahisi kwa mfuko, hamna kiingilio, hamna mavazi maalum, na mgeni anaweza kuongea na mtu yeyote kwa Kiingereza. Nilipata kampani nyingi pale na zote ziliishia pale, kwa sababu watu wanakuja na kundi lao na wanaondoka na kundi lao, namba unapewa saa 7 usiku, kesho yake ukituma ujumbe unajibiwa kwa kiemoji. Nilichokuja kugundua ni kwamba Schanze yenye maana kwetu ni ya Jumamosi asubuhi. Pembeni yake tu, mtaa wa Karoviertel, kuna soko la mitumba na vitu vya zamani kila Jumamosi, Flohschanze, nje ya lile jengo la matofali lililokuwa machinjio ya ng'ombe. Hapo watu hawajalewa, hawana haraka, na kuna kitu cha kuongelea mkononi. Mi nilishika birika la zamani la enameli, la bluu, limebanduka kidogo kwenye mdomo, kama la bibi yangu Lushoto, nikawa naligeuzageuza, mama mmoja wa Kijerumani akaniuliza nataka kulifanyia nini, nikamwambia chai ya tangawizi, tukaongea nusu saa. Huyo mama mpaka leo tunakunywa kahawa wote, na ni yeye aliyenipeleka kwenye kwaya ntakayoieleza mbele.

Lakini kabla ya kwaya kuna huyu kaka wa Eimsbüttel.

Tulikutana kwenye apu ya kutafuta wapenzi. Eimsbüttel ni mtaa mzuri, sikatai, Osterstraße ina vimgahawa, vijana wenye kazi zao wanaishi kule, na wageni wengi wa maofisini wanapapenda. Mitoko mitatu ya kwanza yote nilienda mimi kule kwake. Kwenye bili mhudumu anauliza zusammen oder getrennt, pamoja au kila mtu lake, yeye anasema getrennt, sikukasirika, nilishaambiwa ndo desturi yao na haimaanishi hakupendi. Mtoko wa nne nikasema sasa njoo we Harburg nikupikie pilau. Akaniandikia: Harburg? Ni mbali sana. Jamani, toka stesheni kuu ni dakika kama ishirini za treni. Mi nilikuwa navuka mto huo kila wiki kwa ajili yake. Baadae nikajua kwamba kwa watu wa kaskazini ya Elbe kuvuka mto ni kama safari ya mkoa mwingine, wanataniana nalo hilo kabisa, ila kwangu halikuwa utani, nilikuwa nimeshanunua nyama. Nikawaita wale wasichana wawili wa jikoni tukala wote.

Nilijifunza kitu cha vitendo hapo na ndo nawaambia wote wanaokuja: mtaa unaolala una uhusiano mkubwa na mapenzi yako kuliko mtaa unaokwenda kustarehe. Huku watu wanaishi kwa kalenda. Mtoko unapangwa Jumanne ya wiki ijayo saa 1 na nusu jioni, na mtu anafika saa 1 na dakika 28. Ukiwa mbali, na una shifti kama zangu, zile nafasi ndogo za kuonana kwa saa moja baada ya kazi zinakufa zote. Nilipomaliza masomo 2024 nikapata chumba Barmbek, kaskazini, njia ya treni ya U3, kodi sio ndogo ila sio ya Winterhude au Eppendorf, na kwa miguu nafika Stadtpark. Maisha yalibadilika.

Stadtpark nikieleze vizuri kwa sababu kama ningeweza kumpeleka mgeni sehemu moja tu kipindi cha kiangazi ningempeleka pale. Ni bustani kubwa ya toka 1914, ina uwanja mpana sana wa nyasi, mnara wa zamani wa maji ambao sasa ni Planetarium, yaani jengo la kuangalizia picha za nyota, na jioni ya mwezi wa sita jua linazama karibu saa 4 usiku, kwaiyo ukitoka shifti ya mchana bado una siku nzima mbele yako. Watu wanachoma nyama, wanacheza voliboli, wengine wamelala tu na kitabu. Ukifika na mpira au na chakula cha kugawa, watu wanakusogelea. Nilikuwa napeleka mishikaki na kachumbari kila Jumapili niliyokuwa sina kazi, nakaa sehemu ile ile, mti ule ule, na kwenye wiki ya nne vijana wa voliboli wa pembeni wakaanza kuniita jina. Pembeni yake Winterhude kuna mifereji ya maji, unakodi mtumbwi mnapiga kasia wawili, na kwa maoni yangu huo ni mtoko mzuri kuliko mgahawa wowote, maana mnafanya kazi pamoja na mnaangalia mbele, hamkazani kutazamana usoni kama mko kwenye usaili.

Kuhusu hilo la kutokutazamana usoni. Mtoko wa kwanza Hamburg mara nyingi ni kutembea. Mwanzoni niliona kama ubahili, nimevaa, nimejipamba, halafu mtu ananiambia tukatembee kuzunguka Alster, lile ziwa la katikati ya mji, kilomita saba na kitu kulizunguka, kwenye upepo. Sasa hivi naipenda hiyo kuliko kukaa. Kutembea kunaondoa aibu, ukikosa la kusema kuna bata, kuna maboti, na ukiona mtu hakufai kila baada ya mita kadhaa kuna njia ya kutokea. Na mchana watu wamejaa kwaiyo kwa mwanamke ni salama. Nyingine ni feri namba 62 ya kutoka Landungsbrücken kwenda Finkenwerder. Aliyewahi kupanda pantoni ya Kigamboni atanielewa, ila hii unalipia tiketi ile ile ya basi na treni, unapanda juu kwenye sitaha, unapita bandari nzima, makreni, makontena, meli kubwa kama ghorofa, na ukishuka Neumühlen unakanyaga mchanga wa Övelgönne, ufukwe kabisa, pembeni ya mto. Kuna jiwe pale linaitwa Alter Schwede, tani 217, lilitolewa chini ya mto 1999 wakati wanachimba kina kwa ajili ya meli. Huko juu yake ni mtaa wa Ottensen, ambao wengi wana familia na wapenzi tayari, baiskeli zenye kigari cha mtoto kila kona, ila jioni watu wanakaa nje Alma-Wartenberg-Platz na ni mahali pa umri wa thelathini kwenda juu, pametulia kuliko Schanze.

HafenCity wanakwenda wageni wa makampuni kwa sababu ni mpya na inapendeza, lile jumba la muziki Elbphilharmonie liko hapo, panda ule ukumbi wake wa nje uone mji halafu endelea na safari yako. Jirani na Eppendorf, nenda Isemarkt Jumanne au Ijumaa, soko refu chini ya reli, kwa ajili ya samaki na mboga.

St. Georg ni habari nyingine. Nyuma ya stesheni kuu tu. Upande mmoja Steindamm, maduka ya Waafghani, Waturuki, Wairani, na maduka ya Kiafrika ambayo mengi ni ya Waghana maana Waghana ni wengi sana Hamburg, hapo ndo napata unga wa muhogo, ndizi za kupika, mafuta ya mawese. Upande wa pili Lange Reihe, barabara ya vimgahawa na bendera za upinde wa mvua, mtaa wa mashoga na wasagaji wa miaka mingi, na nasema hili kwa kaka zangu na dada zangu waliokuja huku wakiwa na siri nzito kifuani: wapo wenzenu pale, hamtadhurika kwa kuwa mlivyo. Rafiki yangu mmoja aliniambia jioni ya kwanza aliyokaa Lange Reihe alishindwa kunywa kahawa yake kwa sababu mikono ilikuwa inatetemeka, amekaa anaangalia watu wawili wameshikana mikono na hakuna anaegeuka. Tahadhari tu Hansaplatz usiku, kuna ulevi na ugomvi, na kaka zetu weusi wanasimamishwa na polisi pale mara kwa mara, tembea na kitambulisho.

Halafu Grindel, mtaa wa chuo kikuu. Kiswahili kinafundishwa Chuo Kikuu cha Hamburg, wapo Wajerumani wanaosoma lugha yetu na wanatafuta mtu wa kuongea nae, na huo mji una undugu na Dar es Salaam toka 2010 kwaiyo wapo waliokwenda wakarudi wanaokumbuka chipsi mayai. Wanaita tandem, saa moja Kijerumani, saa moja Kiswahili. Nimefanya na binti mmoja mwaka mzima, hakuna mapenzi hapo ila ndo mtu wa kwanza kunialika kwao Krismasi. Na usidharau hilo, maana mwezi wa 12 jua linazama saa 10 jioni, na upweke wa saa 10 jioni wa Hamburg haufanani na upweke wowote niliouona nyumbani.

Nirudi kwenye mapenzi, na jambo linaloumiza. Kaka mmoja, tulikuwa tumeonana mara tano hivi, tumekaa benchi kwenye bustani ya Planten un Blomen tunasubiri yale maji yanayorushwa kwa taa na muziki saa 4 usiku, bure kila siku ya kiangazi, pazuri mno, akaniuliza kwa upole kabisa kama natafuta makaratasi, yaani kama nataka mwanaume ili nipate kibali cha kukaa huku. Aliniuliza kama anauliza unataka maji. Maji yakaanza kuruka, ya bluu, ya pinki, watu wanapiga makofi, mi nikatoa simu nikamuonyesha picha ya mkataba wangu wa kazi. Mkataba usio na mwisho. Nikamwambia hospitali za mji wenu ndo zinanitafuta mimi. Akaomba msamaha, na nadhani alimaanisha, lakini sikuweza kukaa nae tena. Usiku ule nilimfikiria Mtoro bin Mwinyi Bakari wa kwetu pwani, aliyekuwa anafundisha Kiswahili Berlin, akaoa Mjerumani 1904, mwaka uliofuata wakasafiri kurudi nyumbani na serikali ya kikoloni ikawakatalia kwa sababu mke mzungu na mume mweusi, wakarudishwa Ujerumani, akafia Berlin 1927. Zaidi ya miaka mia. Na bado mtu anakaa benchi na mwenzake anampima kwa makaratasi. Wadogo zangu, mtu akikuuliza hivo huna deni la kumfanya ajisikie vizuri.

Sasa kwaya. Mi nimekulia KKKT, kanisa la Kilutheri la kwetu, kuimba ni kama kula, lakini kwa miaka miwili huku sikuimba kabisa nikidhani ni mambo ya nyumbani. Yule mama wa birika akanipeleka kwenye kwaya ya mtaani hapa Barmbek, mazoezi kila Jumanne saa 1 na nusu, wanaimba kila kitu, sio za kanisa tu. Huku kila kitu kina klabu yake, Verein wanaita, kuna ya kupiga kasia, ya chess, ya kulima bustani, na pia kuna vituo vya utamaduni vya mtaa karibu kila sehemu, Zinnschmelze hapa Barmbek, Goldbekhaus Winterhude, Motte Ottensen, na mle ndani ndo Wajerumani wanakuwa watu tofauti kabisa, wanacheka, wanakushika bega. Miezi mitatu ya kwanza niliimba na kuondoka. Baada ya mazoezi wanakwenda baa ya kona, nikaanza na mimi kwenda, naagiza Alsterwasser, bia iliyochanganywa na soda ya limau, nakaa nayo moja mpaka mwisho.

Kulikuwa na kaka mmoja wa sauti ya besi, anakaa Altona, mkimya. Tulikuwa tunasalimiana Moin, basi. Halafu mwezi wa pili mwaka jana nikaumwa mafua makali, sikwenda Jumanne. Jumatano asubuhi nimelala, simu ikalia ujumbe, namba siijui, alikuwa ameiomba kwa yule mama. Ameandika kwa Kijerumani chepesi ili nielewe: Jana hukuwepo. Uko mzima?

Nilikaa na ile simu muda mrefu sana.

Haikuwa haraka baada ya hapo, ilichukua mpaka mwezi wa tano ndo akasema tukatembee, tukapanda 62, tukakaa mchangani Övelgönne tukiangalia kontena zinapita, na wiki kadhaa baadae akaniuliza moja kwa moja, sisi ni nini, tuko pamoja au hatuko pamoja, maana huku hilo swali linaulizwa kwa mdomo na linajibiwa kwa mdomo, hamna mambo ya kukisia. Nilipenda hilo. Nikamwambia kabla sijajibu kuna mtu lazima akuone, na anaishi ng'ambo ya mto.

Hakuuliza ni mbali kiasi gani. Jumapili akaja kwa baiskeli toka Altona, akashuka Landungsbrücken, akapita lile handaki la zamani la 1911 linalopita chini ya Elbe, mita 426, vigae vyeupe ukutani na michoro ya samaki, akatokea upande wa pili na kupiga pedali mpaka Wilhelmsburg. Alifika amelowa, mvua ilikuwa inanyesha. Nilikuwa nimemfundisha neno moja kwenye simu na alilifanyia mazoezi njiani nzima, mpaka ndani ya handaki anasema sauti ilikuwa inamrudia. Dada akafungua mlango ana mwiko wa ugali mkononi.

"Shikamoo," akasema.

"Marahaba," dada akamjibu, akamwangalia viatu vilivyojaa maji, akaniangalia mimi. "Mpe taulo, mdogo wangu. Chakula kinapoa."